Kivimbe cha mbwa na kioo cha malaria

Mbwa alikuwa mwekundu, wa kienyeji, masikio wima, mkia umejikunja juu ya mgongo kama pete. Mwenyewe, mzee mwindaji aliyeteremka kutoka milima ya Fizi, alimlaza chini ya mwembe pale Baraka, mji wa Kongo ulio kando ya ziwa Tanganyika, na kumfunga mdomo kwa kitambaa. Damu ilikuwa ikidondoka kutoka uume wa mbwa, tone moja, kisha kimya, kisha tone jingine.

"Mwanangu, iko hivi tangu mvua zianze," alimwambia fundi wa mifugo. "Nilidhani ni mwiba."

Fundi, kijana bado, alivaa glavu, akavuta ngozi nyuma taratibu. Likatokeza bonge la nyama nyekundu, lenye vijichwa vingi, kama uyoga uliochipua kwenye gogo lililooza. Alipoligusa, likavuja damu papo hapo.

"Muzee, hii si mwiba," alisema. Akataja jina alilofundishwa kwa Kifaransa: sarkoma ya Sticker. Lakini alitaja kwa sauti ya mtu anayekisia. Ili awe na hakika alihitaji hadubini, na hadubini iliyokuwa karibu ilikuwa ya kituo cha afya. Huko jibu lilikuwa fupi: mashine ya watu haiwekewi uchafu wa mbwa. Mzee alifungua kitambaa, akamfunga mbwa wake kamba, wakashika njia ya kurudi mlimani.

Nami nikaanza kulifuatilia lile jina la Sticker. Sikutegemea kwamba lingenirudisha kwenye hadubini ileile tuliyonyimwa.

Maandishi ya mwanzo kuhusu kivimbe hiki ni ya mwaka 1810, ya daktari wa wanyama wa London aitwaye Delabere Blaine. Alieleza kinavyoonekana, basi. Hatua kubwa ilikuja mwaka 1876, Urusi, katika jiji la Saint Petersburg. Mstislav Novinsky, naye daktari wa wanyama, alikata kipande kidogo cha uvimbe wa mbwa mmoja na kukipandikiza chini ya ngozi ya mbwa mwingine mzima. Mara nyingi hakikushika. Kisha kikashika, kikakua. Hakuna aliyewahi kufanikiwa kuuhamisha uvimbe wa saratani kutoka mnyama mmoja hadi mwingine kabla yake, na utafiti wa saratani katika maabara za dunia una deni kwa wale mbwa wake.

Anton Sticker, Mjerumani, alilishika jambo hilo kuanzia mwaka 1904. Alipandikiza tena na tena, akaona kwamba kinachohama ni chembe hai zenyewe za uvimbe. Mbwa anapompanda mwenzake, chembe hubanduka na kuota upande wa pili, kama pingili ya muhogo iliyochomekwa shamba la jirani. Ndiyo sababu kivimbe hukaa sehemu za siri, na wakati mwingine puani au mdomoni, kwa kuwa mbwa hunusa na kulamba. Jina la Sticker likabaki katika vitabu vya Kifaransa, vikaja nalo Kongo, likafika chini ya mwembe wa Baraka.

Mwaka huohuo wa 1904, huko Hamburg, mkemia Gustav Giemsa alitangaza mchanganyiko wa rangi wa kuwaonyesha vimelea vya malaria katika damu. Giemsa hakuwa mgeni wa upande wetu. Kati ya 1895 na 1898 alikuwa mfamasia katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, nchi iliyoanzia ng'ambo ya ziwa hili la Tanganyika tunalovua ndagala. Rangi yake ya zambarau ingali inatumika katika vituo vya afya: tone la damu kwenye kioo, rangi, maji, lenzi. Mama yeyote wa Fizi aliyebeba mtoto mwenye homa hadi kituoni anaijua safari ya kile kioo, hata kama jina la Giemsa hajawahi kulisikia.

Rangi hiyohiyo inakionyesha kivimbe cha Sticker. Unakandamiza kioo juu ya kidonda, unakiacha kikauke hewani, unakichovya katika methanoli, unapaka rangi. Chini ya lenzi chembe zinakaa moja moja, za duara, kiini kikubwa, na nje ya kiini hicho vimepangana vitundu vyeupe kama shanga kwenye uzi. Aliyeziona mara chache hazimpotei. Haihitajiki mashine ya mamilioni, wala sampuli kusafirishwa hadi Lubumbashi kwenye kitivo cha tiba ya wanyama.

Lakini kulijua umbo la chembe hakukueleza zinatoka wapi, na hapo wataalamu walikwama kwa muda mrefu. Wengine walishuku virusi. Katika miaka ya 1960 waliozihesabu kromosomu walikuta ajabu: mbwa ana 78, kivimbe kina kama 59 tu, na hali ni hiyo hata vivimbe vikitoka nchi zilizo mbalimbali. Mwaka 2006 timu ya Robin Weiss na Claudio Murgia wa London ilichukua vivimbe na damu za mbwa wa Italia, India na Kenya, ikalinganisha vinasaba. Kivimbe cha mbwa wa Kenya hakikufanana na damu ya mbwa aliyekibeba. Kilifanana na kivimbe cha mbwa wa India. Yaani nyama ile haikuwa ya mbwa mwenyewe hata kidogo. Ilikuwa ya mbwa mwingine, mmoja, wa zamani sana, ambaye chembe zake hazikukubali kufa naye.

Wazee wetu wangekuwa na neno la haraka kwa kitu cha namna hiyo. Sayansi ilihitaji miaka 130 tangu Novinsky.

Alikuwa mbwa wa lini? Mwaka 2014 Elizabeth Murchison na wenzake walisoma vinasaba vyote vya vivimbe viwili, kimoja cha Australia na kimoja cha Brazili, wakakadiria miaka 11,000. Mwaka 2019 kundi lake la Cambridge likapima vivimbe 546 kutoka pande zote za dunia na kuishusha hesabu: kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita, Asia. Kutoka huko kilisambaa pamoja na binadamu. Amerika kilifika kama miaka 500 iliyopita, na meli za Wazungu. Uchunguzi mwingine, wa 2014, ulikikuta katika nchi zisizopungua 90, hasa pale mbwa wanapojizururia. Hapo Baraka inajitambua yenyewe. Nani kwetu amefunga mbwa? Na vita vya Kongo vilipowavusha watu ziwa kwenda Kigoma na kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996, mbwa wengi walibaki bila mwenyewe, wakazaliana walivyoweza.

Huyo mwekundu wa mzee nimemfikiria sana. Mbwa wa umbo lake, wa Kongo, ambao hubweka kwa nadra, walipelekwa Uingereza katika miaka ya 1930 wakaitwa Basenji, jina la ukoo mmoja na "mshenzi". Leo wanauzwa ghali Ulaya kwa jina ambalo kwetu ni tusi. Katika misitu yetu mwindaji humvisha kengele ya mti shingoni, maana asiyebweka atasikikaje? Mbwa wa namna hiyo ni mkono wa pili wa mwenye nyumba. Akidondosha damu kwa miezi, sahani ya jioni inapungua.

Si kila uvimbe ni Sticker, na hapa fundi wa mifugo anastahili heshima kuliko anavyopewa. Uvimbe mdogo wa ngozi wenye tundu katikati mara nyingi ni buu la nzi, ndugu wa yale yanayotufanya tupige pasi nguo zilizoanikwa nje. Ukiliziba tundu kwa vaselini, buu hutoka lenyewe kutafuta hewa. Mbwa anayetapika na kukonda bila kivimbe cha kuonekana huenda amejaa mnyoo uitwao Spirocerca ndani ya umio. Humpata kwa kumla mbawakawa wa mavi, na vifundo vya mnyoo huo vinaweza kugeuka saratani kamili; Kenya vilichunguzwa sana katika miaka ya 1960.

Na kutambua kuna faida, kwa kuwa Sticker ni miongoni mwa saratani chache zinazotibika kirahisi. Dawa ni vinkristini, inayotoka kwenye ua la Madagaska lenye petali tano ambalo wengi wamelipanda mlangoni kwa urembo tu. Sindano moja kwa wiki, mara nyingi nne hadi sita, na mbwa walio wengi hupona kabisa. Ni dawa kali: ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Ndiyo maana hakuna fundi mwenye akili atakayeidunga kwa kukisia, na ndiyo maana kioo kinatangulia sindano. Dawa hiyohiyo hutumika kwa watoto wenye uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliuona katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957. Mwaka 1961 Burkitt na marafiki wawili walizunguka kwa gari kuukuu kama kilomita 16,000, hospitali kwa hospitali, wakiwa na picha na swali moja: mmewahi kuona hii? Kwa mbwa wa Fizi swali hilo bado halijaulizwa kijiji kwa kijiji.

Siku ile, kabla mzee hajaondoka, fundi alikuwa amekwisha kukandamiza vioo viwili juu ya kidonda. Baada ya kukataliwa kituoni hakuvitupa. Alivifunga kwa karatasi ya daftari, akaandika tarehe na neno "Fizi" kwa kalamu ya risasi, akavitia ndani ya kisanduku cha viberiti. Nilipomtembelea tena vilikuwa juu ya kabati lake, vikavu, bado havijapakwa rangi.