Choo na Rutuba ya Shamba

Anayetaka kuujua werevu wa mkulima wa Mbulu, na aitazame samadi yake. Huko Kainam, nchi ya vilima, Wairaqw wa zamani walilaza ng'ombe ndani ya nyumba zao, na samadi wakaichukua shambani. Udongo ulilishwa ili nao ulishe.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, na vyoo vingi vikachimbwa. Maradhi yalipigwa vita. Lakini rutuba ya binadamu ilizikwa shimoni.

Wazo la kuiokoa halikuwa geni duniani. Mwaka 1860 Henry Moule, kasisi wa Uingereza, alipewa haki ya uvumbuzi wa choo cha udongo mkavu: kiti cha mbao, ndoo chini yake, na udongo wa kufunikia. Choo hicho kiliuzwa. Mwaka 1978 Uno Winblad na Mtanzania Wen Kilama walitoa kitabu juu ya vyoo visivyohitaji maji.

Kiti na sanduku lake ni kazi ambayo seremala wetu wa kijijini aiweza. Kila baada ya haja hutiwa majivu. Chumba kimoja kikijaa hufungwa, hutumiwa cha pili. Lakini mayai ya minyoo hayafi upesi, hivyo mbolea yapasa ingoje mwaka mzima au zaidi. Auzaye choo bila kuifundisha subira hiyo, auza maradhi.

Mkulima aliyeiheshimu samadi ya ng'ombe amekwisha kulijua nusu ya somo. Nusu iliyobaki ni kuishinda haya.