Tunavuta Hewa, Tunafyonza Oksijeni

Watoto wa shule hukariri kwamba tunavuta oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi. Maneno hayo ni mepesi kushika, lakini kitenzi chake kinanikera. Tunachovuta ni hewa, na katika hewa hiyo oksijeni ni asilimia 21 tu. Sehemu kubwa ni naitrojeni, ambayo huingia na kutoka bila mwili kuwa na haja nayo.

Mtu mzima aliyetulia huvuta kama nusu lita ya hewa kwa pumzi moja, yenye mililita 105 hivi za oksijeni. Kati ya hewa hiyo, mililita 150 hivi hazifiki kabisa kwenye vifuko vya mapafu; huishia kooni na kwenye mirija, kisha hutoka kama zilivyoingia. Pumzi anayoishusha bado ina oksijeni asilimia 16. Mwili umebakiza mililita 25 hivi, basi! Ndiyo maana aliyezama majini huweza kuokolewa kwa kupuliziwa mdomoni: anapewa masalio ya pumzi ya mwenzake, nayo yanamtosha.

Kwa hiyo naomba vitenzi vitatu visichanganywe. Kifua huvuta hewa, mapafu hufyonza oksijeni, seli huitumia. Ukiuliza kinachovutwa, ni zaidi ya lita 8,000 za hewa kwa siku. Ukiuliza kinachofyonzwa, ni mililita 250 hivi za oksijeni kwa dakika, yaani kama lita 360 kwa siku, tena kwa mtu aliyepumzika. (Kupumua na kupumzika ni ndugu wa shina moja, na hapa undugu huo unafaa sana.)

Wakati wa UVIKO-19 tulizoea kusikia kwamba oksijeni ya mgonjwa imeshuka hadi 85. Hiyo si oksijeni ya hewani. Ni asilimia ya himoglobini iliyobeba oksijeni. “Kiwango cha oksijeni kwenye damu” ni maneno marefu, lakini ni sahihi, na magazeti yangeyashika.

Hata Kilimanjaro, kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, hewa ina asilimia 21 ileile. Kilichopungua ni mgandamizo, karibu nusu ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi hubeba oksijeni kidogo. Anayesema hewa ya kule ni nyepesi amepatia kuliko anayesema haina oksijeni.