Kompyuta haiwaki baada ya kusafishwa? Kagua kwanza nyaya za kitufe

Vumbi la kiangazi la Masasi na Newala huingia hadi ndani ya kompyuta za mezani, hivyo watu huzifungua na kuzisafisha. Baada ya hapo unabonyeza kitufe, kimya. Kabla hujakubali kwamba mazabodi imekufa na kufunga safari ya Mtwara mjini kutafuta nyingine, kagua nyaya nyembamba zinazotoka upande wa mbele wa kasha. Huenda mmoja umechomoka au umechomekwa pasipo pake.

Nyaya hizo ni za nini?

Kwa kawaida ni jozi nne, na kila kichwa kina maandishi. POWER SW ni kitufe cha kuwashia, RESET SW ni cha kuwasha upya, POWER LED ni taa ya kuonyesha kompyuta imewaka, na HDD LED ni taa ya diski.

Zinachomekwa wapi?

Tafuta pini 9 zilizopangwa safu mbili, mara nyingi pembeni mwa mazabodi. Pembe moja haina pini. Pembe hiyo ikiwa juu kulia, mpangilio uliozoeleka kuanzia kushoto ni huu:

- Safu ya juu: pini 2 za POWER LED, kisha 2 za POWER SW.
- Safu ya chini: pini 2 za HDD LED, kisha 2 za RESET SW. Pini ya mwisho huachwa wazi.

Baadhi ya bodi, zikiwemo nyingi za Dell na HP, zina mpangilio wao. Fuata maandishi yaliyo kwenye bodi.

Vitufe havina chanya wala hasi. Taa zinavyo, na chanya hukaa kushoto. Taa isipowaka, geuza kichwa chake.

Fanya kwa usalama

Chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kumaliza chaji iliyobaki, kisha gusa chuma cha kasha. Plagi ya USB ya mbele usiilazimishe: ikikaa vibaya inaweza kuunguza flashi au bodi yenyewe.

Jaribio la mwisho

Rudisha umeme, kisha kwa ncha ya bisibisi gusanisha pini mbili za POWER SW pekee kwa sekunde moja. Kompyuta ikiwaka, bodi ni nzima. Kibovu ni kitufe au waya wake. Isipowaka, mwambie fundi aanze kupima pawasaplai kabla ya kukuuzia mazabodi.