Limón, jimbo la pwani

Tukifungua ramani ya inchi ya Costa Rica, tunaona kwamba pwani yote ya Bahari ya Karibi, karibu kilometa 212, ni ya jimbo moja tu, Limón: toka mto San Juan, upande wa Nicaragua, hata mto Sixaola, upande wa Panama. Ni inchi ya joto na ya mvua nyingi.

Serikali iliifanya jimbo mwaka wa 1902. Leo ina kantoni sita, tungesema teritwari: Limón, Pococí, Siquirres, Talamanca, Matina na Guácimo. Talamanca ni kwao Wabribri na Wakabekari, waliotangulia wote; hata hivyo ilipata kuwa kantoni mwaka wa 1969 tu.

Kuchora mipaka si kazi ngumu. Lakini wenyeji ni nani? Reli ya Minor Keith, iliyomalizika mwaka wa 1890, ilijengwa kwa mikono ya watu wengi wa Jamaika. Wengi walibaki, wakakata ndizi za kampuni ya United Fruit. Watoto wao walizaliwa palepale, walakini wengi walihesabiwa wageni. Mkataba wa mwaka 1934 ulikataza hata kuwaajiri watu weusi katika mashamba mapya ya kampuni, upande wa Pasifiki. Basi jimbo lilikuwa la Costa Rica, watu wake hapana! Walingoja mpaka mwaka wa 1949 ndipo watoto wale walipofunguliwa njia ya kuwa raia, na wazee wengi waliotandika reli walikuwa wamekwisha kufa.