Mia kwa mia, lakini ya nini?

Hebu jipime kidogo. Ukila mwenyewe, alama 10. Ukitoka kitandani hadi kwenye kiti bila kushikwa, 15. Ngazi, 10. Hicho ni kipimo cha Barthel, kilichochapishwa Marekani mwaka 1965 na bado kinatumika hospitalini. Ukifikisha 100, huhitaji mtu wa kukuhudumia mwili. Waandishi wake walikuwa wakweli: walikiri kwamba mwenye 100 huenda asiweze kupika wala kushughulika na watu wa nje.

Sasa mchukue Ed Roberts wa California. Polio ilimpoozesha kuanzia shingoni akiwa na miaka 14, na usiku alilala ndani ya mashine ya chuma iliyomsaidia kupumua. Kwa Barthel angeambulia alama chache mno. Idara ya jimbo inayowaandaa wenye ulemavu kwa kazi ilimwona hataajirika kamwe. Mwaka 1975 gavana akamteua kuiongoza idara hiyo hiyo!

Roberts na wenzake walishikilia kwamba kujitegemea ni kuamua maisha yako, hata kama kijiko amekishika mwingine. Watafiti walichelewa kuwafuata. Mwaka 1992 ndipo kikatoka CHART, kwa ajili ya watu walioumia uti wa mgongo. Chenyewe kinauliza: kwa wiki unatoka nyumbani siku ngapi? Marafiki unaowasiliana nao kila mwezi ni wangapi?

Ila sehemu yake moja bado inahesabu saa unazosaidiwa, na kadiri zinavyozidi, alama zinashuka. Hapo Roberts angefeli tena.