Mstatili wa Babeli na vyumba vya Siyu

Leo tunaangalia programu ya zamani sana, iliyoandikwa kwenye udongo.

Mwaka 1962, huko Tell edh-Dhiba'i karibu na Baghdad, kilifukuliwa kibao cha udongo chenye umri wa miaka zaidi ya 3,700. Pythagoras alizaliwa zaidi ya miaka 1,000 baadaye! Swali la kibao: mstatili una ulalo wa 1.25 na eneo la 0.75, je, pande zake ni ngapi? Mwandishi anakwenda hatua kwa hatua, anapata 1 na 0.75, kisha anahakiki jibu kwa kanuni ambayo leo tunaiita ya Pythagoras.

Twende Siyu, kisiwani Pate. Mji huu ulisifika kwa kunakili misahafu na kwa kazi za ngozi. Chini ya Bwana Mataka uliyakabili majeshi ya Seyyid Said, na ukaja kushindwa na Zanzibar mwaka 1863, enzi ya Sultan Majid. Nyumba zake nyingi za mawe ni magofu. Vyumba vya nyumba za namna hii ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba.

Tuseme, kwa mfano tu, daftari la vipimo limebakiza namba mbili za chumba: ulalo mita 6.5, eneo mita za mraba 15. Ulalo mara ulalo ni 42.25. Eneo mara mbili ni 30.

Jumlisha: 72.25, kipeuo chake cha pili ni 8.5. Hiyo ni jumla ya urefu na upana.
Toa: 12.25, kipeuo chake ni 3.5. Hiyo ni tofauti yao.

Basi urefu ni mita 6 na upana 2.5. Hakikisha: 36 + 6.25 = 42.25. Sawa! Fundi anayetaka kuirudisha dari sasa anajua boriti zake zivuke nafasi ya mita 2.5.

Lakini angalieni. Ukitoa ukapata namba hasi, mstatili huo haupo: kipimo kimekosewa. Na chumba kikiwa kimepinda, hesabu itakupa jibu safi lakini la uongo. Dawa yake ni kupima ulalo wa pili. Katika mstatili wa kweli ulalo zote mbili ni sawa.

Gofu likishaanguka, namba za daftari ndizo zitakazobaki. Tuziandike vizuri.