Kamera Ilipogeuzwa Kosa la Jinai

Mwaka 1906 Upton Sinclair alichapisha riwaya ya The Jungle, baada ya kupita ndani ya machinjio ya Chicago akitazama yaliyofichwa wanunuzi wa nyama. Mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha sheria ya ukaguzi wa nyama. Karne moja baadaye watetezi wa wanyama waliifanya kazi ileile kwa kamera. Video iliyorekodiwa kisiri katika machinjio moja ya Chino, California, na kutolewa mwaka 2008, ilionesha ng'ombe wasioweza kusimama wakisukumwa kwa mashine. Takriban tani 65,000 za nyama zikatakiwa zirudishwe. Lakini video ya mwaka 2012, iliyoonesha wafanyakazi wa shamba moja la maziwa jimboni Idaho wakiwapiga ng'ombe, ilipata jibu jingine. Chama cha wafugaji wenyewe kiliandika mswada, na Februari 2014 Gavana Butch Otter akautia saini. Kurekodi shughuli za shamba bila idhini ya mwenyewe kukawa kosa la kifungo cha hadi mwaka mmoja, ilhali aliyemtesa mnyama kwa mara ya kwanza hakuweza kufungwa zaidi ya miezi sita. Tofauti hiyo yatosha kuonesha sheria ilikuwa ikimlinda nani.

Watetezi wa sheria za aina hii hukumbusha kwamba wapo wanaharakati waliotumia moto, na ni kweli: mwaka 1987 maabara ya mifugo iliyokuwa ikijengwa katika Chuo Kikuu cha California, Davis, ilichomwa kwa jina la kundi la Animal Liberation Front. Kitendo kile kilikuwa kibaya, tena cha hatari. Ila uchomaji ulikuwa jinai tangu zamani, na mwenye kamera hakuchoma kitu. Hoja ya faragha ina uzito zaidi, kwa kuwa shamba ni mali ya mtu. Hata hivyo, maziwa na nyama vikishaingia sokoni, mlaji ana haki ya kujua vilikotoka. Agosti 2015 Jaji B. Lynn Winmill aliibatilisha sheria ya Idaho kwa kukiuka uhuru wa kusema, na hukumuni akamtaja Sinclair. Mahakama ya rufaa, Januari 2018, ilikubaliana naye kuhusu kurekodi, lakini ikaacha hai kifungu kinachomwadhibu anayepata ajira kwa udanganyifu akikusudia kumdhuru mwajiri. Mchunguzi anayeomba kazi shambani Idaho bado anaweza kushtakiwa kwa kifungu hicho.